Kuhama kutoka katriji ya bluu kwenda wino wa chupa wa rangi: nianzie wapi?

Karatasi_Nyeupe

Habari zenu wakuu.

Nina kalamu mbili za wino: Lamy Safari yenye nibu (ncha ya chuma ya kuandikia) ya M, yaani ya wastani, na Pilot Metropolitan yenye nibu ya F, yaani nyembamba. Mpaka sasa zote zinatumia katriji za bluu tu. Nataka kuanza kujaribu wino wa chupa: zambarau, feruzi, kijani cha msituni, damu ya mzee, na ikiwezekana ule wenye chembe za kumetameta. Kabla sijafungua chupa yoyote naomba mnifafanulie haya.

Konveta (kile kijitangi cha kuvutia wino kutoka kwenye chupa) zinaingiliana au kila kalamu ina yake? Nikibadilisha rangi, kalamu ioshwe hadi wapi ndipo niseme ni safi? Kwa nini rangi moja huonekana tofauti kabisa kwenye picha mbili? Wino wa kumetameta unaziba kalamu kweli? Na inafaa kuchanganya wino wa chupa mbili?

La mwisho: Metropolitan inaruka mwanzo wa herufi, hasa ninapoanza mstari mpya. Sijui nilaumu kalamu, wino au karatasi.

Fundi_Nibu

Karibu mkuu. Naanza na konveta, maana hapo ndipo watu hununua kitu kisichoingia.

Kila kampuni ina mdomo wake. Safari inachukua konveta ya Lamy iitwayo Z28 (zamani Z24). Metropolitan inachukua Con-40 ya Pilot. Lakini ikague kalamu yako kwanza, kwa sababu zile zilizouzwa Ulaya kwa jina la MR zimetengenezwa kwa katriji za kimataifa (umbo moja linalotumiwa na kampuni nyingi), na kwenye hizo Con-40 haikai. Chomoa katriji uitazame: ya Pilot ina mdomo mpana, karibu sawa na mwili wake, ya kimataifa imebanwa shingoni.

Con-40 inabeba takriban mililita 0.4. Wengi huilalamikia kwa udogo, ila kwa mtu anayejaribu rangi udogo huo ni faida: unaimaliza haraka na kuhamia rangi nyingine. Njia nyingine ni kuosha katriji tupu na kuijaza tena kwa bomba la sindano lenye ncha butu. Katriji ya Pilot inaingia karibu mililita 0.9.

Usizamishe kalamu moja kwa moja kwenye chupa kubwa kama unabadilisha rangi mara kwa mara. Kalamu inabeba mabaki ya wino wa jana, na wakati mwingine inabeba vijidudu vya ukungu. Vuta mililita 2 kwa bomba la sindano, weka kwenye kichupa kidogo chenye kifuniko, jaza kutoka humo. Kilichobaki usikirudishe. Ukiona utando au nyuzi zinaelea kwenye chupa, au wino umeanza kunuka vibaya, mwaga wote na chupa uitupe. Usijaribu kuuchuja, kwa sababu mbegu za ukungu zinapita kwenye kichujio.

Kujaza kwa konveta: sukuma pistoni hadi mwisho kuelekea nibu ili hewa itoke, zamisha nibu yote pamoja na milimita chache za shingo (sehemu ya kushikia), kisha zungusha taratibu kuvuta. Wengi hukosea kwa kuzamisha ncha tu. Tundu la nibu likibaki juu ya wino utavuta hewa, na konveta itajaa mapovu. Ikishajaa subiri sekunde 5 nibu ikiwa bado ndani, itoe, sukuma matone mawili au matatu yarudi kwenye kichupa, geuza nibu itazame juu, kisha vuta kidogo. Mvuto huo wa mwisho unaondoa wino uliozidi kwenye fidi, yaani kile kipande cheusi chenye mbavu chini ya nibu. Usipoufanya, kalamu itadondosha tone kwenye ukurasa wa kwanza. Futa shingo kwa tishu, sio nibu peke yake.

Sasa kuosha. Maji ya kawaida yasiyo moto. Maji moto yanaweza kupinda plastiki. Spiriti ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inapasua akriliki, na ufa wenyewe unaweza usionekane siku hiyo. Vuta na kusukuma maji kwa konveta mara 10 hadi 15 ukibadilisha maji. Yakitoka meupe usidhani umemaliza, maana mbavu za fidi zinashika wino. Kunja tishu mara nne, weka ndani ya kikombe, simamisha nibu ikitazama chini juu ya tishu, iache usiku kucha. Asubuhi tazama doa. Likiwa na rangi iliyoiva, rudia. Likiwa hafifu kama maji ya chai iliyopoa, unaweza kujaza rangi iliyo karibu na ile ya zamani. Ukitoka kwenye bluu kwenda manjano, doa lisiwepo kabisa.

Ukiwa na bomba la mpira la kuoshea masikio, bana mdomo wake nyuma ya shingo ya kalamu na usukume maji kwa nguvu ya kiasi. Mikamuo mitano inafanya kazi ya konveta nzima ya dakika kumi.

Rangi_Saba

Fundi kamaliza habari ya maji. Mimi naingia kwenye rangi, hasa lile swali la picha mbili, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokuokoa usinunue chupa usiyoitaka.

Wino wa kalamu hizi mara nyingi ni maji yenye rangi zilizoyeyuka, na chupa moja inaweza kuwa na rangi mbili au tatu ndani yake. Dondosha tone moja kwenye kipande cha tishu nyeupe, kisha ongeza tone la maji katikati. Mara nyingi zambarau itajigawa mbele ya macho yako kuwa waridi na bluu. Kijani nacho mara nyingi kitatoa manjano na feruzi. Sasa fikiria wino huohuo kwenye karatasi mbili. Karatasi inayonyonya inameza kila kitu kwa pamoja na rangi inafifia. Karatasi yenye uso mgumu inauacha wino ukauke juu yake, na rangi zinapata muda wa kutengana. Ndiyo maana picha mbili hazifanani, bila hata kuhesabu taa na kamera.

Kuna mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya. La kwanza ni mkolezo: herufi moja ina sehemu hafifu na sehemu iliyoiva, kwa sababu wino unakusanyika pale kalamu inaposimama. La pili ni mng'ao: rangi tofauti kabisa inatokea juu ya wino uliokauka, kama wekundu juu ya bluu, kwa sababu rangi imekuwa nyingi kuliko karatasi ilivyoweza kunywa, ikagandia juu. Inamisha ukurasa chini ya taa utazame tumbo la herufi "a" pale chini, wino ulipotuama. Ukiona ukingo mwembamba wa shaba au dhahabu, huo ndio mng'ao. Ni vigumu kuupata kwenye karatasi ya fotokopi hata ununue wino gani. Karatasi ya Tomoe River ya gramu 52 kwa mita ya mraba inautoa vizuri kuliko karatasi nyingi nzito. Rhodia ya gramu 80 nayo inafaa, na mkolezo unaonekana vizuri humo. Kwa hiyo uzito wa karatasi usikudanganye. Linaloamua ni jinsi uso wake ulivyotiwa dawa ya kuzuia kunyonya.

Nibu zako nazo hazilingani. F ya Pilot ni nyembamba, inakaribia EF (nyembamba sana) ya kampuni nyingi za Ulaya. M ya Safari inamwaga wino mwingi zaidi. Wino uleule wa damu ya mzee, tuseme Diamine Oxblood, kwenye Metropolitan utakauka kahawia yenye wekundu kidogo, na kwenye Safari utaona ule wekundu mzito wenyewe.

Kwa majaribio tengeneza kadi ndogo za karatasi unayoandikia kila siku, sio karatasi ya kifahari. Kwenye kila kadi andika jina la wino, nibu, tarehe. Andika sentensi moja ya kawaida. Chora mistari ya kukatana. Paka doa kwa kijiti cha pamba, mpako mmoja, miwili, mitatu. Kisha andika mistari mifupi minne na upitishe kidole juu yake baada ya sekunde 5, 10, 20 na 30. Mwisho dondosha tone la maji juu ya mistari ya kukatana, subiri dakika moja, lifyonze kwa tishu. Kadi hiyo moja inakuambia rangi, kukauka, kutambaa (wino kusambaa kwenye nyuzi za karatasi) na ustahimilivu wa maji. Geuza nyuma uone kama wino umepenya.

Usiihukumu rangi ikiwa mbichi. Iache saa nzima, kisha itazame kwenye mwanga wa mchana.

Kalamu ya kioo ya kuchovya ni nzuri sana kwa kazi hii. Inaoshwa kwa sekunde chache, na unapitia rangi kumi kwa kikao kimoja bila kujaza kalamu hata moja.

Mkono_Kushoto

Nakubaliana na kadi, ila kwenye kalamu ya kioo naomba nitofautiane kidogo na Rangi_Saba. Kioo kinabeba wino kwenye mifereji yake na kuumwaga mwingi mwanzoni, kidogo mwishoni. Mistari ya kwanza inakuwa mizito kuliko kalamu yoyote itakavyokuandikia, na mtu anaona mng'ao ambao nibu ya F haitauonyesha kamwe. Ukitumia kioo, chovya, andika maneno matano au sita kwenye karatasi ya kutupa, ndipo uandike kwenye kadi. Hata hivyo ichukulie kama dalili tu. Rangi ya kufanyia uamuzi ni ile iliyotoka kwenye nibu utakayoitumia.

Lingine: wino wenye mng'ao mkali sana haukauki vizuri. Utaandika leo, wiki ijayo unapitisha kiganja chenye jasho na rangi inahamia mkononi na kwenye ukurasa wa pili. Huo ni ugonjwa wa wino wenyewe, kwa sababu rangi imekaa juu ya karatasi bila kushikwa na kitu. Kwa anayeandika kwa mkono wa kushoto, au anayefunga daftari mara tu anapomaliza, afadhali wino wenye rangi ya wastani.

Na kabla ya kusema kalamu inaruka, weka karatasi safi chini ya kiganja chako ujaribu tena. Mafuta ya ngozi yanakaa kwenye karatasi na wino unayakwepa. Ukiona kalamu inaruka zaidi nusu ya chini ya ukurasa, pale mkono ulipokuwa umelala, umepata jibu.

Karatasi_Nyeupe

Asanteni sana. Nimeiosha Metropolitan kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, na nimeweka karatasi chini ya kiganja. Imepungua lakini bado. Inaruka mwanzo wa mpigo, nikikandamiza kidogo inaandika. Ikishaanza, inaendelea vizuri hadi mwisho wa mstari.

Fundi_Nibu

Hayo maelezo ya kukandamiza ndiyo niliyoyangoja, maana yanatenga mambo.

Kama kalamu ingeandika vizuri mistari mitatu halafu ikaanza kukauka, ningesema wino haufiki kwenye fidi: hewa hairudi nyuma, au wino umeng'ang'ania mkiani mwa konveta. Dawa ya hapo ni kuigonga konveta kidogo, na Con-40 imewekewa vipira vidogo vya chuma ndani kwa sababu hiyohiyo. Kama ingeruka asubuhi tu baada ya kulala, ningesema kifuniko kinapitisha hewa. Lakini kuruka mwanzo wa kila mpigo na kuandika ukikandamiza kunaelekeza kwenye ncha yenyewe.

Chukua lenzi ya kukuza mara 10. Itazame ncha kutoka mbele, kama unaiangalia puani. Utaona kipira kimegawanywa katikati na ufa. Kagua mambo mawili. Je, nusu mbili ziko usawa mmoja? Moja ikiwa juu, kalamu itakwaruza ukielekea upande mmoja na kuteleza upande mwingine. Hiyo unaisawazisha kwa ukucha: kandamiza jino lililo juu taratibu kwa sekunde mbili, achia, tazama tena. Usitumie koleo.

Je, kingo za ufa pale zinapogusa karatasi zimeviringika kwa ndani, kiasi kwamba kuna kabonde katikati ya kipira? Hapo wino unafika hadi kwenye ufa lakini unaning'inia juu ya karatasi bila kuigusa. Ukikandamiza, meno yanaachana na wino unashuka. Kwa maelezo yako nadhani ni hili. Kiwanda kimeing'arisha ncha kupita kiasi ili iteleze.

Usikimbilie msasa. Kwanza badilisha wino. Kuna wino mkavu na wino wenye majimaji: Pelikan 4001 ni mkavu, Iroshizuku ya Pilot inatiririka zaidi. Kabonde kadogo kanazibwa na wino wenye mtiririko. Ikishindikana, tumia kitambaa cha kung'arishia cha daraja la 12000: chora namba nane mara tano kwa uzito wa kalamu yenyewe, jaribu kwenye karatasi, tazama kwa lenzi, rudia mara tano tena. Kazi hii inahesabiwa kwa mipigo. Chuma kilichokwisha kuondoka hakirudi, na ukizidisha, F inageuka kuwa M yenye kingo kali.

Mchanganya_Wino

Nijibu lile la kuchanganya, kwa sababu ndilo linaloua kalamu.

Inawezekana, lakini sio kila wino na kila wino. Rangi hizi zina asidi au alkali yake, na baadhi zina chaji zinazovutana. Zikikutana zinashikana, zinageuka tope, na tope hilo linaingia kwenye mifereji ya fidi iliyo nyembamba kama unywele. Baystate Blue ya Noodler's inajulikana kwa hili: ni ya alkali, haitaki kukutana na wino mwingine hata kama ni mabaki tu, na inaacha madoa kwenye plastiki.

Chukua kichupa cha kioo, weka mililita 0.5 ya kila wino, funga, kiache siku tatu hadi saba. Kiinamishe kwenye mwanga. Ukiona mchanga chini, povu lisiloisha, au mchanganyiko umekuwa mzito kama uji mwepesi, mwaga. Ukiwa safi, uweke kwanza kwenye kalamu unayoweza kuifungua yote. Pima kwa matone na uandike hesabu: matone 10 ya manjano na tone 1 la feruzi tayari ni kijani. Daima ongeza rangi nzito kwenye nyepesi, maana kinyume chake utamaliza chupa nzima ya manjano kuitafuta kijani. Wanaotaka mchezo huu bila hofu, Platinum wana Mix Free, rangi 9 zilizotengenezwa makusudi zichanganywe.

Na uijue aina ya wino kabla ya kuujaza. Wino wa kuchorea uitwao India una lakiri ya shelaki ndani. Ukikauka kwenye fidi hautoki kwa maji, kwa hiyo usiuweke kwenye kalamu hizi abadani, na wino wa akriliki vilevile. Wino wa pigmenti (chembe ndogo za rangi zisizoyeyuka) uliotengenezwa kwa kalamu, kama Platinum Carbon Black, unakubalika ukiandika karibu kila siku na kuosha kila baada ya wiki mbili. Wino wa chuma na tanini, kama Salix na Scabiosa za Rohrer & Klingner, unaweza kukupa ile zambarau uliyoitaja, maana Scabiosa ni zambarau iliyofifia kwa uzuri. Unaiva kwenye hewa na haufutiki kwa maji, na kwenye karatasi duni unatambaa kidogo kuliko wino mwingi. Una asidi, basi usiuache miezi kwenye nibu ya chuma.

Hapo kwenye kuosha kuna mtego. Wengi hutumia amonia ya nyumbani sehemu 1 kwa maji sehemu 9 na tone la sabuni, wakaloweka nibu nusu saa. Kwa wino wa kawaida uliokauka ni dawa nzuri (isiguse shaba wala alumini, na kamwe isikutane na dawa ya klorini, maana hutoa gesi ya sumu). Lakini kwa wino wa chuma usianze na amonia: alkali inaigandisha ile chuma ndani ya fidi. Maji matupu kwanza, mara nyingi, hadi yatoke meupe.

Waridi na zambarau nyingi hufifia kwa mwanga. Ukitaka kujua, andika mstari, funika nusu kwa karatasi ya alumini, ubandike dirishani wiki nne.

Karatasi_Nyeupe

Nimewaelewa. Ule wa kumetameta basi uende kwenye ipi, na niutunze vipi?

Rangi_Saba

Safari. Nibu ya M ina njia pana zaidi, na nibu yake inachomoka kwa kipande cha selotepu: ibandike juu ya nibu, vuta mbele moja kwa moja, kisha sugua fidi kwa mswaki laini. Kwenye F utaona vumbi tu na kuziba kwa mara kwa mara.

Chembe zenyewe ni unga wa madini ya maika, hauyeyuki. Unatua chini ya chupa na chini ya konveta pia. Pindua chupa taratibu mara kumi kabla ya kuvuta wino, usiitikise kwa nguvu ikafanya povu. Kabla ya kuandika viringisha kalamu kati ya viganja. Ihifadhi imelala, ikisimama nibu juu chembe zinazama mkiani na utaandika rangi tupu, ikisimama nibu chini zinajaa kwenye fidi. Jaza nusu konveta, imalize ndani ya wiki moja, uoshe. Kama unataka mfano wenye kumetameta na mng'ao kwa pamoja, Emerald of Chivor ya J. Herbin ina feruzi, chembe za dhahabu na wekundu ukingoni, ila inadai karatasi isiyonyonya.

Mpangilio wa kujaribu: feruzi kwanza, kijani, zambarau, damu ya mzee, na wa kumetameta uje mwisho. Nyepesi ikifuatwa na nzito, doa dogo lililobaki halionekani. Ukianza na damu ya mzee, feruzi yako itatoka na weusi ndani yake kwa kurasa mbili tatu, nawe utadhani chupa ndiyo mbovu.